Swala Ana Bei, Mpita Njia Hana

Shangazi yangu aliingia mtaroni Kilosa wakati wa masika, saa kumi na mbili na nusu jioni, akirudi dukani na nusu kilo ya sukari. Alivunjika nyonga. Ana miaka 74. Alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, kwa kuniandikia herufi kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Naanza na yeye ili msomaji ajue mapema kwamba leo sijaja na utulivu. Nimekuja na hasira, ila nitajitahidi iwe hasira yenye mpangilio.

Waliokuja kumpa pole walikuja na methali, kila mtu na yake. Jirani mmoja akasema, mwenda pole hajikwai. Mzee mmoja, ambaye siku zote alikuwa akimwambia atume mtoto dukani jioni, akatikisa kichwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa tatu alitaka kumfariji, akasema kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Shangazi alikuwa amelala chali na vyuma vyake mguuni, akawasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema: "Jamani, mimi sikujikwaa. Mimi niliingia shimo."

Nimeufikiria usemi huo kwa miezi. Zitazame hizo methali tatu kwa pamoja. Zote zinamhoji mwenye mguu. Alikwenda haraka? Alikatazwa? Atajifunza? Hakuna hata moja inayouliza nani kachimba. Tunayo moja inayomtaja mchimbaji, ile ya mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiyo nayo, tusidanganyane, kwa habari ya mitaro si kweli. Aliyechimba mtaro ule hajaingia. Anapita juu yake kwa gari.

Hoja yangu basi ni hii, niiseme wazi ili atakayeipinga ajue pa kuanzia: katika miji yetu midogo, vizuizi vinavyomzuia mtu kutembea tumevijenga wenyewe, kwa fedha na kwa mipango, halafu tukaifundisha lugha yetu kumlaumu anayeanguka. Na sisi tunaojiita watu wa fasihi tumeshiriki katika hilo la pili.

Rafiki yangu mmoja nilipomwambia ninaandika kuhusu mitaro alinicheka. "Dada, hiyo peleka kwa wahandisi. Sisi huku tunajadili vitabu." Sawa. Tuanze na vitabu.

Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu alichokiita *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa simulizi za safari za watu wa pwani, nyingi zikiwa za walioingia bara. Ni miongoni mwa nathari za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa kama kitabu cha safari, na wengi wa watu waliomo ndani yake wanakwenda kwa miguu. Miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipita upande huu wa Kilosa akimtafuta Livingstone. Alivuka nyika ya Mkata wakati wa masika, maji yamejaa, wapagazi wamebeba mizigo vichwani, kisha akafuata bonde la mto Mkondoa, ambao yeye aliuandika Mukondokwa. Aliyesoma kitabu chake anakumbuka malalamiko: tope, mito, homa, punda wanaokufa. Ile ilikuwa, kwa namna yake, orodha ya vizuizi vya kutembea kati ya Mkata na Mkondoa. Wapagazi waliobeba mzigo kwenye tope lile hawakupata nafasi ya kuandika orodha yao.

Nataka mtu aone tofauti. Katika orodha ya 1871 vizuizi karibu vyote ni vya Mungu: mvua, mto, mbu. Leo mimi nikitembea Kilosa, mvua na mto bado vipo, lakini kinachonisimamisha kila hatua kumi kimejengwa. Kimechorwa na mtu, kimelipiwa, kimekaguliwa, pengine kilikatiwa utepe. Mungu hachimbi mtaro wa zege wenye kina cha kiuno akauacha bila mfuniko mbele ya mlango wa mwalimu mstaafu.

Baada ya Shangazi kurudi kutoka hospitali nilikaa naye wiki tatu. Asubuhi moja nilichukua gongo lake nikatoka kwenda sokoni, njia ileile aliyoipita miaka yote. Kwa mtu mzima mwenye miguu miwili ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilijiwekea sharti moja: kila mahali ambapo mtu wa gongo asingeweza kupita bila kushikwa mkono, nasimama na kuandika. Nilirudi baada ya zaidi ya saa moja na daftari lenye alama ishirini na mbili.

Sitazitaja zote, nitawachosha. Lakini kuna mtaro wa kwanza, ule ule. Mtaro huu una madaraja, tena mazuri, ya zege, ila kila daraja liko mbele ya geti la gari. Asiye na gari ana ubao. Asiye na ubao anaruka. Ukiusoma mtaa kwa jicho hilo utajua kipato cha kila nyumba bila kuuliza. Halafu kuna mchanga wa ujenzi uliomwagwa pembeni ya barabara na mwenye nyumba ambaye ujenzi wake, kwa majani yaliyoota juu ya lundo, ulisimama zamani. Kuna nguzo ya umeme iliyosimikwa katikati kabisa ya kijia, kama vile kijia ndicho kilichoikuta. Kuna vibaraza vya maduka, kila mwenye duka kajenga kimo chake, hapa unapanda ngazi tatu, pale unashuka mbili, hivyo mzee anaamua bora atembee barabarani. Akitembea barabarani anapigiwa honi. Kuna kijiwe cha bodaboda ambapo vijana kumi wananiita "Anti, twende?" kwa pamoja, pikipiki zimepangwa kuziba sehemu pekee iliyokuwa tambarare. Na kuna ofisi moja inayohudumia wazee. Ina ngazi tano. Haina pa kushika.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, ilipitishwa mwaka 2010, na ndani yake haki ya mtu kufikia majengo na huduma za umma imeandikwa. Ngazi zile tano hazijaisoma.

Sasa, mtu wa Kilosa atasema: bibi wee, mitaro tunaihitaji. Ni kweli, na sitaki kuwa mjinga kwa sababu nina uchungu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa uliacha kingo zake, maelfu ya watu wakakosa makazi, wengi wakaishia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Mji huu unajua maji yakikosa njia hutafuta njia yake. Mtaro wenyewe si adui. Adui ni mtaro uliokamilika nusu: nusu ya maji imejengwa, nusu ya mtu imeachwa. Mfuniko ni sehemu ya mtaro kama vile paa lilivyo sehemu ya nyumba. Hakuna fundi anayekabidhi nyumba bila paa akasema awamu ya pili inakuja. Kwenye mtaro tunapokea, tunashukuru, tunapiga makofi.

Kiswahili kina neno moja linalonisaidia kuvuka kutoka Kilosa kwenda Mikumi, nalo ni tuta. Kilosa ukisema tuta mtu mzima anafikiria mto, kizuizi cha udongo kinachotenganisha maji na watu. Mikumi ukisema tuta wanafikiria barabara kuu, kile kinundu cha lami kinachotenganisha watu na malori. Ni neno moja, na ni hofu ya namna moja: kitu kizito kinakuja kwa kasi, tumeweka udongo kidogo njiani, tunaomba ushike.

Niliondoka Kilosa kwa gari, zaidi ya kilomita sabini. Wilaya hii ina kata inaitwa Ulaya, na hakuna abiria mgeni asiyefanyiwa utani kwamba leo umefika Ulaya bila viza. Nilicheka kama kawaida. Nilishukia Mikumi mjini, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapopita katikati ya mji na njia ya Kidatu na Ifakara inapochepuka.

Mnaojua Mikumi mnajua hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50. Humo ndani dola imefanya kazi yake, lazima tukubali. Kuna vibao vya mwendo. Kuna matuta na rasta. Na kuna bango ambalo kila abiria wa basi la Mbeya amewahi kulisoma kwa mshangao, linaloorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja, kwa dola za Marekani. Twiga dola 15,000. Simba 4,900. Pundamilia 1,200. Ngiri 450. Swala 390. Basi zima huwa linageuka darasa la hesabu hapo, watu wanabadilisha dola kuwa shilingi, wanacheka, na dereva, mliona wenyewe, anapunguza mwendo.

Kisha hifadhi inaisha, bango linaisha, na mji unaanza.

Mjini barabara ileile inakuwa mtaa mkuu. Pembeni yake malori yameegeshwa, marefu, yanayokwenda Zambia na Kongo, madereva wanakula na kupumzika, na wana haki ya kula na kupumzika. Lakini yanaegesha pale pale ambapo mtu alipaswa kupita. Kwa hiyo anayetembea Mikumi ana chaguo mbili: apite nyuma ya malori, kwenye vibanda, majiko ya chipsi, maji machafu na giza, au apite mbele yake, juu ya lami, akiwa amebanwa kati ya lori lililosimama na lori linalopita. Mwanamke usiku hapiti nyuma. Mnajua kwa nini. Anapita mbele, halafu kesho akigongwa tutaambiwa alikuwa anatembea barabarani.

Nilikaa kwa mama mmoja anayeuza ndizi na machungwa, nikamuuliza watoto wa shule wanavuka wapi. Akanitazama kama vile nimeuliza samaki wanalala wapi. "Popote, dada. Hii barabara siyo ya Mikumi. Hii ni ya Zambia. Sisi tunaiba tu kuvuka."

Asubuhi yake nikasimama kuangalia wizi huo. Mtoto wa kama miaka saba, begi kubwa kuliko mgongo, kamshika mdogo wake mkono. Anatazama kushoto, lori. Anatazama kulia, basi. Anangoja. Bodaboda inapita kwa nyuma yake pembeni ya lami, anarudi hatua moja. Anajaribu, anaacha. Mwishowe lori moja linapunguza kwa ajili ya tuta, si kwa ajili yake, na wao wawili wanakimbia katika upenyo huo huku mdogo akiburutwa. Mtoto yule kafanya hesabu ya kasi na umbali ambayo mimi darasa la saba ilinishinda. Kaifanya kabla ya kengele ya kwanza, na akikosea hakuna kufuta.

Sheria ya Usalama Barabarani, ya tangu mwaka 1973, inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Kaeni saa moja na yule mama wa ndizi, kisha mniambie wangapi wanaitii panapokosekana tuta wala askari.

Sina ugomvi na swala. Naomba hili lieleweke, maana najua kuna mtu tayari anaandaa jibu kwamba nawachukia wanyama. Hapana. Bango lile ni ushahidi wangu mkuu. Linathibitisha kwamba tunajua kufanya. Palipo na kiumbe tunayemthamini tunajua kupunguza mwendo, kuweka rasta, kuandika onyo kwa herufi kubwa, kumtia hofu dereva kabla hajakosea. Hatukumwambia swala awe mwangalifu. Hatukuendesha semina ya pundamilia kuhusu kuvuka. Tulijua kwamba mnyama atavuka tu, kwa sababu maji yako upande mmoja na majani upande mwingine, na tukaweka mzigo wote kwa mwenye gari. Mtoto wa Mikumi naye nyumba iko upande mmoja na shule upande mwingine. Tofauti iko wapi?

Mtu atasema utu haupimwi kwa dola, na bima ipo kwa ajili ya anayegongwa. Nakubali yote mawili. Sitaki Shangazi yangu aandikwe bangoni kati ya ngiri na pundamilia. Lakini bima inakuja baada ya kifo. Bango la swala linakuja kabla. Ninachodai ni hiyo kabla. Nataka dereva akiingia Mikumi mjini aone kwa macho, kwa umbo la barabara yenyewe, kwamba sasa ameingia mahali penye viumbe wa kuogopa kuwagonga.

Sasa nijibu pingamizi tatu ambazo huwa zinakuja haraka.

Ya kwanza: watembea kwa miguu ni wazembe. Wanavuka ovyo, wana simu masikioni, wamelewa. Wapo, sikatai. Lakini uzembe ni neno la mtu aliyepewa njia sahihi akaikataa. Kabla ya kumwita mtu mzembe nionyeshe alikotakiwa kupita. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na asilimia 23 kati yao ni watembea kwa miguu. Uzembe gani huo uliosambaa dunia nzima kwa mpangilio hivyo? Mimi naona barabara zilizochorwa na mtu aliyekuwa amekaa kwenye gari.

Ya pili: hakuna fedha. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wenye akili. Treni ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kwenye milima ya Kilosa reli hiyo imepita kwa mahandaki. Nimeipanda, nimefurahi, nimepiga picha kama kila mtu. Nchi inayotoboa mlima haiwezi kuniambia imeshindwa mfuniko. Mfuniko wa zege ni saruji, mchanga, kokoto na nondo kidogo. Fundi yeyote wa mtaani anaufyatua. Mradi wa barabara unapokadiriwa, mfuniko na njia ya miguu ndivyo vinavyokatwa kwanza bajeti ikibana, kwa sababu anayevihitaji hayumo kwenye kikao. Na kama yumo, kaja kwa gari.

Ya tatu: tatizo ni machinga na mama ntilie, waondoeni. Hapa nataka tuwe waangalifu sana. Mwishoni mwa 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara katika miji mingi ya nchi hii, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kumpa nafasi mtembea kwa miguu. Nilikotembea mimi baada ya hapo, nafasi ile sikuiona ikigeuka njia. Niliiona ikigeuka maegesho. Tena yule mama wa ndizi ni kizuizi cha namna gani? Yeye ndiye jicho la barabara. Taa yake ya chaji ndiyo inayomwangazia mwanamke anayerudi kazini saa mbili usiku, na ndiye aliyempigia kelele mtoto wa watu arudi nyuma lori lilipokuja. Mpange, mpe eneo lenye kivuli na mfereji wa maji machafu, acha mita moja na nusu ya watu kupita. Lakini usimtumie mtembea kwa miguu kama fimbo ya kumpigia mwingine anayetembea kwa miguu.

Narudi kwa yule rafiki yangu wa vitabu, maana niliahidi kwamba na sisi tumeshiriki.

Fungua habari yoyote ya ajali. Gari "liliacha njia". Lori "liliparamia" kibanda. Basi "lilifeli breki". Dereva hayumo katika sentensi, mwenye gari hayumo, aliyechora barabara ndiyo kabisa. Vyuma vina nia zao. Lakini aliyekufa yeye amepewa kitenzi: "alikuwa akijaribu kuvuka". Kajaribu! Sarufi imeshatoa hukumu kabla polisi hawajafika. Tunaandika hivyo kila siku, tunasoma hivyo kila siku, na hakuna mhariri anayenyoosha mkono.

Na hadithi zetu? Zimejaa watu wa miguu, lakini mwandishi huwabeba kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa neno "alipofika". Alipofika sokoni. Alipofika kwa mjomba. Kati ya kutoka na kufika kuna mtaro, kuna ngazi, kuna giza, kuna honi, kuna mwili unaochoka, na sisi tumeruka. Watu wa 1901 katika kitabu cha Velten hawakuruka. Njia kwao ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Hata historia yetu ya kisiasa haijawahi kuamua mtu anayetembea ni nani. Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, na kutembea kukawa uzalendo. Miaka 16 baadaye, 1983, ikaja sheria na kampeni ya Nguvu Kazi, na mtu aliyekutwa akitembea mjini bila kitambulisho cha kazi akawa mzururaji, akakamatwa. Miguu ni ileile. Akitembea mkubwa ni matembezi ya kihistoria, akitembea mdogo ni uzururaji. Nadhani hatujatoka hapo. Bado machoni pa wenye kupanga miji mtu wa miguu ni mtu ambaye hajafanikiwa bado. Akifanikiwa atanunua pikipiki, kisha gari, na tatizo litajimaliza. Kwa hiyo hajengewi. Anasubiriwa aishe.

Lakini haishi, jamani. Na hata mwenye gari atazeeka.

Tufanyeje? Sitaki kumaliza kwa kulia. Dar es Salaam kuna kazi imefanyika ya kujifunza: shirika la Amend limekuwa likikagua njia za wanafunzi kuzunguka shule za msingi, kwa kutembea, kisha kuweka vitu vidogo vidogo, njia ya miguu, matuta, vivuko, alama, geti la shule kuhamishiwa upande salama. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross ya miji. Hakuna lililojengwa pale ambalo Kilosa au Mikumi hawawezi.

Kwa Mikumi nadai vitu vitatu. Kivuko kilichoinuliwa kiwe tuta na zebra kwa pamoja, kila penye shule, kituo cha afya na stendi, ili lori lipunguze kwa ajili ya mtoto na si kwa ajili ya springi zake. Maegesho ya malori yasogezwe kutoka ukingo wa lami, yawe na choo na taa, dereva naye ni binadamu. Na taa za barabarani ziangaze anapopita mtu pia, zisiishie kwenye lami tu. Kwa Kilosa nadai viwili: mtaro usipokelewe bila mfuniko, na ofisi ya umma isifunguliwe bila mteremko wa kupandia.

Na kwenu wasomaji nadai kimoja, kidogo. Jumamosi hii chukua mzee mmoja au mtoto mmoja, mshike mkono, tembeeni kutoka nyumbani kwenu hadi mnaponunua mkate. Kila unapolazimika kumbeba, kumvuta au kumwambia "subiri kwanza", simama uandike. Usiandike shairi. Andika mahali, kimo, upana, na kama unamfahamu, nani kachimba. Kisha ipeleke orodha kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, uisome kwenye mkutano wa hadhara kwa sauti. Orodha ya kweli ikisomwa mbele ya watu ni fasihi pia, na mara nyingine ina nguvu kuliko riwaya zetu nyingi.

Wiki ya tatu nilimwita seremala akatengeneza ubao mpana wenye mbao za kukanyagia na kamba ya kushika upande mmoja. Shangazi alikaa barazani akimsimamia kama anamsahihishia daftari. Ulipokamilika akasimama na gongo lake, akavuka polepole, mimi nyuma yake sipumui, akaenda hadi dukani, dakika sita kwenda, nane kurudi. Alikuwa hajatoka nje ya ua tangu masika. Aliporudi hakusema neno kuhusu daraja. Alilalamikia bei ya sukari mpaka usiku, kwa raha kabisa.

Ubao ule ni wa msonobari. Masika mbili, tatu, utaoza. Nimeandika tarehe chini yake kwa rangi nyeupe, ili siku utakapovunjika asije mtu na methali.